Redio Aliyoizima Arvid

Upepo ulipoanza kupiga mluzi kwenye bomba la moshi la saluni, Verna Tollefsen alijua kwamba Jumamosi yake imeshaharibika. Alikuwa amesimama nyuma ya Feodora, brashi ya rangi mkononi, nusu ya kichwa cha Feodora imefungwa vikaratasi vya fedha na nusu bado. Hakugeuka kutazama dirishani. Alingoja tu, kama mtu anavyongoja chafya ya mwenzake, na haukupita muda simu ikalia.

"Usipokee," Feodora akamwambia kwenye kioo.

"Nisipopokea atakwenda peke yake."

"Aende! Ana miaka sitini na moja, si mtoto wa chekechea."

Verna akapokea. Sauti ya mumewe ilikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyeambiwa kwamba shule imefungwa. "Verna! Umeusikia? Unatoka bonde la Portage moja kwa moja. Wiki tatu sijauona upepo kama huu!"

"Nina mteja, Arvid."

"Nani?"

"Feodora."

"Mlete!" akasema Arvid, akakata simu.

Feodora alicheka mpaka vikaratasi vikatikisika. Alikuwa karani wa posta, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, na alikuwa rafiki wa Verna tangu wote wawili walipokuwa wasichana wa kuuza tikiti za kuteleza kwenye theluji pale Girdwood. "Twende basi," akasema. "Malizia upande huu, halafu twende. Rangi itashika humo humo garini. Sitaki kukosa sinema."

Verna akamalizia, meno yameumana.

Wanaume wengine wakistaafu huchonga bata wa mbao, au hununua boti kuukuu na kuipaka rangi mwaka hadi mwaka bila kuishusha majini. Arvid, aliyetengeneza mabasi ya shule maisha yake yote na kustaafu na goti moja bovu, alisimamisha gari kando ya barabara siku moja na kuona watu wanateleza juu ya maji, kila mmoja kasimama juu ya ubao, anavutwa na tiara kubwa kama paa la kibanda. Akarudi nyumbani na macho ya mtu aliyeoa upya. Verna alidhani ni homa ya muda, itapita. Haikupita. Ilikuja na suti ya mpira, na helmeti, na mkanda wa kiunoni, na tiara ya kwanza, na tiara ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa ndogo.

Na kama angekwenda kucheza ziwani, Verna angenyamaza. Lakini hapana, lazima iwe Turnagain. Ghuba ile ni nyembamba na milima imeibana pande zote mbili, kwa hiyo upepo hupita katikati yake kama maji kwenye mpira wa bustani, na hilo ndilo lililomtia Arvid wazimu. Habari za maji yenyewe hakutaka kuzisikia. Maji yale yana rangi ya saruji, na ubaridi wake ni wa barafu iliyoyeyuka asubuhi ile ile. Hujaa na kupwa kwa kimo cha nyumba ya ghorofa, na yakitoka huacha tope la maili na maili. Tope hilo ukilitazama ni gumu. Ukilikanyaga linakubeba. Ukisimama kidogo uvute pumzi, limeshakushika mguu. Na maji yakirudi hayarudi kwa adabu kama ya kwingine. Huja kwa ukuta mweupe unaonguruma, toka ukingo hadi ukingo.

Aliyemfundisha Arvid mchezo huo alikuwa kijana mmoja Msamoa wa Anchorage aitwaye Tavita, fundi wa kuezeka mapaa, mrefu na mpana, mpole kupita kiasi. Tavita alikuwa na sheria mbili. Mtu haingii majini bila mwenziwe kukaa ufukoni na darubini na redio. Na mtu anatoka kabla maji hayajaanza kuacha tope. Arvid alizikubali sheria zote mbili kwa moyo mkunjufu, kwani ya kwanza ilimwangukia mkewe.

Hivyo ndivyo Verna alivyopoteza Jumamosi zake. Kiangazi kilichopita alimwacha bibi harusi na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama ufagio, na mama wa yule binti hakumsalimia tena hata dukani.

Walipofika Bird Point, ukingoni mwa ghuba, Arvid na Tavita walikuwa tayari majini. Verna aliegesha gari likitazama ghuba, akawasha hita, akaiweka redio juu ya dashibodi. Feodora alijifunika shali mabegani, akachukua darubini.

"Hebu mtazame," akasema. "Anaruka. Verna, mumeo anaruka kama chura."

"Sitaki kujua."

"Ameanguka."

"Nimesema sitaki kujua."

"Ameinuka. Anapunga mkono. Anatupungia sisi au anafukuza ndege?"

Verna alimnyang'anya darubini. Kweli Arvid alikuwa akipunga mkono, mdomo wazi kwa kicheko, tiara nyekundu imetanda juu yake. Kwa nukta moja Verna alijiona akitabasamu, jambo lililomuudhi zaidi.

Wiki ile maji yalikuwa ya bamvua. Yalijaa mpaka karibu na reli ya treni, na sasa yalikuwa yameanza kutoka, kwanza taratibu, kisha kwa haraka, yakivuta magogo na mapovu kuelekea magharibi. Mistari ya kahawia ilianza kujitokeza katikati ya ghuba. Verna akashika redio.

"Arvid, maji yanatoka. Njoo."

"Mara moja tu, niende na kurudi," ikajibu sauti ya Arvid kutoka redio aliyojifunga kifuani, upepo ukimkata maneno.

Akaenda na kurudi. Kisha akaenda tena.

"Arvid! Tavita anatoka. Nawe toka!"

"Nakuja, nakuja. Upepo ndio kwanza umetulia vizuri."

"Ulisema mara moja. Umeshapita mara ngapi? Nina mtu hapa rangi inamwiva kichwani! Arvid, unanisikia? Usijitie hamnazo, najua unanisikia. Nakwambia hivi, kama hutoki sasa hivi—"

Redio ikatoa mlio mdogo, tik, halafu kimya.

Verna aliitazama. Akabonyeza, akaita, akabonyeza tena. "Ameizima," akasema polepole. "Feodora, mwanamume huyu ameizima redio."

"Haiwezekani."

"Ameizima. Kaona kelele zimezidi, kazima, kama vile mimi ni matangazo ya biashara."

Tavita alikuwa ameshafika ukingoni, anaikunja tiara yake, maji yanamchuruzika. Verna alishuka garini akamwendea. Kabla hajafungua mdomo, akamwona kijana ameinua kichwa na kutazama angani, kisha majini, na uso wake ukabadilika. Verna pia akahisi. Skafu aliyojifunga shingoni ilikuwa imeacha kupepea.

Upepo ulikuwa umekatika. Haukupungua kwanza. Ulikatika kama taa.

Kule mbali tiara nyekundu iliyumba, ikapinduka, ikashuka majini kama kitambaa kilichoanguka kutoka kwenye kamba ya nguo. Chini yake kulikuwa na kitone cheusi, kichwa cha Arvid, na vyote viwili, tiara na kichwa, vilianza kwenda magharibi na maji, haraka kuliko mtu anayekimbia.

Feodora hakuulizwa. Alikuwa ameshapiga simu ya dharura, anaeleza mahali walipo kwa sauti kavu ya posta.

Upepo ulirudi baada ya kitambo, lakini dhaifu, unakuja na kuacha. Verna alipogeuka alimkuta Tavita ameitandaza tena tiara yake na anaijaza hewa kwa pampu, mgongo unapanda na kushuka.

"Unafanya nini?"

"Namfuata, mama. Upepo huu unanitosha. Nikimfikia namfunga kamba, namvuta mpaka upande wa pili."

"Na ukikatika tena?"

Tavita aliendelea kupampu.

"Losa anajifungua lini?" Verna akamuuliza.

"Mama, huu si wakati wa—"

"Nimekuuliza. Mkeo anajifungua lini?"

"Mwezi ujao."

Verna alimsogelea, akaushika mkanda wake wa kiunoni kwa mikono miwili, vidole vikapenya chini ya utepe. Tavita angeweza kumwinua kwa mkono mmoja na kumweka kando kama kiti. Alimtazama tu, macho yametoka.

"Hutoki hapa," Verna akasema.

"Atakufa, mama. Unamwona anavyokwenda? Atakufa."

"Nimesikia."

"Yule ni mumeo!"

"Najua ni nani! Nimeishi naye miaka thelathini na minne, unadhani nimesahau? Hutoki hapa, Tavita. Ukitaka kwenda, nikate kwanza vidole."

Walisimama hivyo. Kijana alikuwa analia bila sauti, na Verna hakulia, alishika tu. Tiara ile iliyojaa nusu ilijipiga-piga kwenye kokoto. Kule majini alama nyekundu ilikuwa ndogo kama jani, halafu kama tone, halafu Verna hakuweza tena kusema kama anaiona au anaikumbuka. Ndipo Tavita alipoketi chini, naye Verna akaketi pamoja naye, maana vidole vilikuwa vimekataa kufunguka.

Waokoaji walifika na magari mawili. Walikuwa watu wa kujitolea wa huko huko Girdwood, mkuu wao mwanamume mwembamba mwenye masharubu aitwaye Wendell, ambaye Verna alimkata nywele kila baada ya wiki sita. Alimtazama Verna, akamtazama Tavita, halafu akamwona Feodora na kichwa chake cha fedha.

"Huyu ameumia kichwani?"

"Napakwa rangi," akasema Feodora. "Shughulika na aliye majini."

Wendell alieleza hali bila kuipamba. Boti isingefaa, kwani maji yalikuwa yanakimbia na ingekaa juu ya tope na wote waliomo. Helikopta ilikuwa mlimani, inawashusha wapanda milima walioteguka. Ingekuja, lakini si sasa. Alikuwa amewaita wenzao wa kijiji cha Hope, upande wa pili wa ghuba, wakague kingo zao. "Kama yule mzee yuko juu ya kitu chochote kigumu, wao ndio watakaomfikia."

"Na kama hayuko?"

Wendell alijipangusa masharubu. "Suti yake nzuri?"

"Nzuri kuliko koti lolote alilowahi kuninunulia," akasema Verna.

Wakangoja. Malori yalipita barabarani nyuma yao kama kawaida. Mtalii mmoja alisimama akauliza kama wanatazama nyangumi weupe, Feodora akamjibu jambo lililomrudisha garini kwake haraka. Maji yaliendelea kutoka, na ghuba ikabaki tope tupu linalong'aa, na mifereji inayopita katikati. Verna alisimama na redio kifuani, ameikamata kwa mikono yote miwili. Alikuwa anafikiria angemwambiaje Signe, binti yao, aliyekuwa Fairbanks. Kila sentensi aliyoianza kichwani ilianza na neno "babako", na hapo hapo ikakwama.

Redio ikakwaruza.

"Verna?" Sauti ilikuwa ndogo, nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. "Verna, bado umekasirika?"

Verna aliileta redio mdomoni, akasahau kitufe. Feodora akambonyezea.

"Uko wapi, wee mwanamume?" Verna akasema.

"Juu ya fungu la tope. Naona nyumba za Hope kwa mbali. Maji yameniacha hapa. Nilitaka kutembea, mguu umeingia. Huu wenye goti zuri. Umeingia mpaka pajani, Verna."

Wendell alichukua redio. Alimwambia asiuvute mguu, asijichimbue. Aivute tiara yake karibu, aitandaze mgongoni mwake, ailalie, uzito wote ukae juu ya kitambaa. Arvid alisema ameshafanya hivyo. Alisema pia suti imechanika shingoni, na maji yameingia kidogo. Aliyasema hayo polepole, akiacha nafasi ndefu kati ya neno na neno, na Wendell aliporudisha redio kwa Verna hakuwa amefurahi.

"Anapoa," akasema chini chini. "Wale wa Hope wana mbao na pampu, lakini topeni hawatembei, wanatambaa. Akilala kabla hawajafika, tumempoteza. Mfanye aongee."

"Niongee naye nini?"

"Chochote. Asilale tu."

Verna akavuta pumzi. "Arvid, mpenzi wangu," akaanza, "niko hapa. Watu wanakuja kukuchukua. Tulia tu. Signe anakusalimu. Nyumba iko salama..."

"Mmm," ikajibu redio.

"Utakuja nyumbani, nitakupikia supu, utaoga maji ya moto..."

"Mmm."

Feodora alimpiga kofi la bega. "Shoga, unambembeleza alale! Mgombeze!"

Verna alimtazama. Kisha akaitazama ghuba, lile tope lisilo na mwisho, na mahali fulani katikati yake mtu aliyeizima redio kwa mkono wake mwenyewe. Akabonyeza kitufe.

"Arvid Tollefsen! Umeniharibia Jumamosi yangu ya ngapi hii? Eti upepo umetulia vizuri! Uko wapi sasa huo upepo wako?"

"Uli... ulikatika."

"Ulikatika! Kila kitu kwako kinakatika chenyewe. Na friza je, lilijifungua lenyewe? Samoni wa mwaka mzima, Arvid! Nyumba ilinuka mpaka Krismasi, na wewe ukasema ni mfereji wa maji machafu!"

"Nilidhani ni mfereji," ikasema redio.

"Na msiba wa mama yangu? Ulikuja na mabuti ya kuvulia samaki!"

"Barabara ilikuwa imefungwa... sikupata nafasi ya..."

"Mabuti yenye magamba, kanisani! Dada zangu mpaka leo wanauliza! Na injini ya basi kwenye bafu langu, tangu vuli mpaka majani yakachipua, nikawa naoga kwa Feodora kama mkimbizi!"

"Kweli," Feodora akasema kwa sauti ya kufika redioni. "Alimaliza sabuni zangu zote."

Mmoja wa waokoaji alikuwa amegeuka, mabega yanamtetemeka. Wendell alimtolea jicho, lakini masharubu yake yenyewe hayakutulia. Masafa yale yalikuwa wazi, na kila mwenye redio pande zote mbili za ghuba alikuwa akiyasikia mambo ya ndani ya nyumba ya Tollefsen. Verna hakujali. Alikuwa ameweka mkono mmoja kiunoni.

"Na mwanangu nilimbeba miezi tisa, nikajifungua kwa uchungu wa siku mbili, nikasinzia kidogo, kuamka nakuta umeshamwandikisha jina la shangazi yako!"

Verna alisubiri, kisha akabonyeza tena.

"Arvid? Nimesema, jina la shangazi yako! Yule mwenye ndevu!"

"Signe," ikasema redio, na safari hii sauti ilikuwa na makali kidogo, "ni jina zuri."

"Hukuniuliza!"

"Ulikuwa umelala!"

"Ungeniamsha!"

"Nilikuamsha mara mbili! Ukanitukana!"

"Basi ungeniamsha mara ya tatu!"

Sauti ngeni ikaingilia, mwanamume anayehema. "Hapa Hope. Tunamwona. Mama, endelea hivyo hivyo, ameinua kichwa, anabishana. Usimwachie."

Verna hakumwachia. Alipitia paa linalovuja, alipitia ndege wake wa kanari, alipitia safari ya Seattle ambapo Arvid alimsahau kituo cha mafuta na kuendesha mpaka mji mwingine akimsimulia hadithi kiti kitupu. Kila mara Arvid alijitetea, na kila mara alipochelewa kujitetea Verna alipandisha sauti. Koo lilimkauka. Tavita alimletea maji, akanywa bila kuacha kushika kitufe.

Ndipo alipomwona Wendell akitazama magharibi, na naye akatazama.

Mbali, kwenye mlango wa ghuba, palikuwa na uzi mweupe. Ungeweza kudhani ni ukungu. Lakini ulikuwa mrefu kutoka mlima hadi mlima, na ulikuwa unasogea.

"Maji yanarudi," Wendell akasema kwenye redio yake mwenyewe. "Hope, mna muda gani?"

"Mguu haujatoka," ikaja sauti. "Tumeingiza mpira wa pampu, tunalainisha. Tupeni kidogo."

"Hakuna kidogo."

Kuanzia hapo Verna hakuambiwa aongee wala anyamaze. Mtu wa Hope alikuwa ameiacha redio ya Arvid wazi, labda imebanwa chini ya ubao, na kilichotoka ni mngurumo wa pampu, watu wakihesabu na kuvuta, na Arvid akipiga yowe ambalo Verna hakuwahi kulisikia hata siku ile goti lilipovunjika. Nyuma ya hayo yote palikuwa na sauti nyingine, nene, ya kitu kinachokuja. Iliongezeka. Mtu akapiga kelele, "Acha pampu! Acha, acha!" Halafu redio ikatoa mkoromo wa maji na kufa.

Feodora alikuwa amemshika Verna mkono. Uzi mweupe, ambao sasa ulikuwa wimbi, ulipita mbele yao ukinguruma, ukaifunika mifereji na mafungu, ukaenda zake kuelekea Portage.

Redio ya Wendell ikakwaruza. "Tunaye." Mtu alikuwa anakohoa. "Wote tuko kwenye majani ya ukingoni. Pampu imekwenda. Mbao zimekwenda. Mzee tunaye."

Verna alikaa chini kwenye kokoto, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira, akiipiga piga ardhi kwa kiganja. Alipoinua macho alimwona Feodora amevua kikaratasi kimoja na kukitazama kipande cha nywele zake. Zilikuwa na rangi ya karoti.

"Hata usijaribu kusema pole," Feodora akamwambia.

Helikopta ilimchukua Arvid kutoka Hope mpaka hospitali ya Anchorage. Verna alimkuta amefunikwa blanketi linalopulizwa hewa ya moto, uso wa kijivu, mguu umefungwa toka kidole hadi nyonga. Mishipa ya pajani ilikuwa imevutika vibaya, lakini daktari alisema atatembea. Verna alimbusu kwenye paji la uso, akavuta kiti.

"Mbona uliizima?"

Arvid alitazama dari. "Nilitaka dakika tano za kimya."

"Ukazipata?"

"Nilizipata."

Muuguzi aliingia, akapima joto, akatoka. Kisha Arvid akasema, kwa sauti ya mtu aliyeliweka jambo moyoni, "Nilikuwa natazama angani tu. Kila saa nikasema, sasa hivi nitaiona tiara ya Tavita. Yule kijana hawezi kuniacha. Mimi ningemfuata. Hakuja, Verna. Sikumtegemea hivyo."

"Alitaka kuja. Nilimzuia."

Arvid aligeuza kichwa.

"Alikuwa anajaza tiara," Verna akasema. "Nikamshika mkanda, sikumwachia."

"Ulidhani nitakufa?"

"Ndiyo."

"Na ukamshika."

"Ndiyo. Na leo hii ningemshika tena."

Arvid akageukia ukutani. Verna hakumwomba msamaha. Alikuwa amemkasirikia kwa mengi siku ile, lakini hili lilikuwa la aina nyingine, halikuwa na maneno ya kupigia kelele. Mtu amekwenda kucheza, na mwingine akaachiwa ufukoni achague nani aishi. Alikaa palepale kwenye kiti mpaka Arvid akalala, na hapo alimruhusu alale.

Kwa siku kadhaa baada ya kurudi nyumbani waliongea mambo ya dawa na chakula tu. Arvid alikaa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Verna alikwenda saluni, akarudi. Hakuna aliyemtaja Tavita.

Tavita alikuja mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa, amevaa shati jeupe, amebeba sufuria ya tambi na nyama iliyofungwa kwa taulo. Nyuma yake alikuwa Losa, mkewe, tumbo limetangulia. Verna alikuwa amekutana naye mara moja tu, na kwa haraka. Alifungua mlango, akataka kusema karibuni.

Losa hakungoja kukaribishwa. Alimkumbatia Verna pale pale mlangoni, ubavu ubavu kwa sababu ya tumbo, akaweka kichwa begani kwake na kubaki hivyo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Verna alisimama na taulo ya jikoni mkononi, asijue pa kuiweka, mwisho akaiacha ianguke.

Arvid aliwaona kutoka kwenye kochi. Aliwatazama muda mrefu, tumbo lile, na mikono ya mkewe mgongoni mwa yule msichana. Kisha akachukua fimbo yake, akasimama kwa taabu, jambo alilokatazwa, akachechemea mpaka kwa Tavita.

"Nilikukasirikia," akasema. "Kule topeni nilikutukana kwa jina. Nisamehe, mwanangu."

"Mzee, kaa chini, utaanguka."

"Nisamehe kwanza."

"Nimekusamehe, kaa."

Arvid hakukaa. Alimgeukia Losa. "Turnagain siendi tena," akamwambia. "Nakuambia wewe, maana huyu wangu hataniamini."

Losa alijifuta macho. "Na huyu wangu?"

Tavita alitazama viatu vyake. "Nami siendi," akasema.

Verna aliokota taulo. Arvid alimaanisha, hilo aliliona. Lakini aliona pia jinsi alivyokuwa amesema Turnagain, wala si maji, wala si upepo, na alijua kuna maziwa mangapi kati ya pale na Fairbanks. Akaamini nusu. Akamwambia akae chini kabla hajauvunja na mguu wa pili, akaenda kuwasha jiko, maana tambi zilikuwa zimepoa.